Uhuru Iliyopaa Kutoka Ngomeni

Usiku wa Ijumaa, Julai 27, 2018, nyanya yangu aliketi kwenye kigoda katikati ya uwanja wa shule ninayofundisha, akafumba jicho moja, akaliinamishia jingine kwenye darubini, kisha akanyamaza. Nyanya hakuwa mtu wa kunyamaza. Darubini yenyewe nilikuwa nimeiazima kwa rafiki yangu wa Nairobi, ndogo, mguu wake mmoja umefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili usilegee. Nilikuwa nimemlengea Zohali. Nikasubiri.

"Ina pete," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. Baada ya kitambo akaongeza: "Mbona inakimbia?"

Ilikuwa ikikimbia kweli. Darubini isiyo na mota ndivyo ilivyo: sayari huingia upande mmoja wa kioo na kutokea upande wa pili, na hazipiti dakika mbili tatu kabla hujalazimika kuusukuma tena mtutu kwa ncha ya kidole. Nikamwambia kwamba Zohali haikimbii hivyo, sisi ndio tunaokimbia. Ardhi hii tuliyoikalia inazunguka, nayo inatupeleka mashariki kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Akaondoa jicho, akatazama miguu yake, akatazama mchanga, akapapasa ukingo wa kigoda.

"Na sote tumo?"

"Sote, nyanya."

"Hata waliolala?"

"Hata waliolala."

Usiku ule mwezi ulipatwa. Katika karne hii yote hakuna kupatwa kamili kwa mwezi kunakodumu kuliko kule: dakika 103, kuanzia saa nne na nusu usiku hadi saa sita imeshapita. Mwezi uligeuka rangi ya tofali, na kando yake Mirihi ikawaka nyekundu, kubwa, kwa kuwa ilikuwa imetukaribia. Mawingu ya kusi yalituhurumia. Watoto walikuwa wamelala chali kwenye mikeka, na kutoka msikitini sauti ya imamu ilikuwa ikitufikia katika swala ya kupatwa kwa mwezi, swala ndefu ambayo huisikii mara nyingi maishani.

Baada ya swala alitoa mawaidha, akarejea kisa ambacho kila aliyepitia madrasa anakijua. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana mdogo wa Mtume, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto yule. Mtume akawakataza. Jua na mwezi, akawaambia, ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mungu. Havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Nimekisikia kisa hiki tangu utotoni, lakini usiku ule ndipo kilipoingia. Baba amepoteza mwanawe. Watu wanampa jua zima limwomboleze mwanawe. Anakataa, kwa sababu si kweli.

Nakitaja kwa kuwa kinahusiana na swali nililoulizwa wiki iliyofuata, swali ambalo ndilo limenifanya niandike makala haya.

Aliyeniuliza ni msichana wa kidato cha tatu, mtoto wa mama anayefanya kibarua kwenye mashamba ya chumvi. Alibaki darasani wenzake walipotoka. "Mwalimu," akasema, "hao watu wanaokwenda angani, maisha yao yana maana kuliko yetu?"

Nilimjibu upesi, na nikamjibu vibaya. Nikamwambia kuhusu setilaiti zinazotupa habari za mvua, simu, ramani ya simu inayomwonyesha dereva njia, picha za mafuriko ya Tana. Yote hayo ni kweli. Lakini yeye hakuniuliza anga lina faida gani. Aliniuliza kuhusu maisha ya mamake, aliyesimama kwenye maji ya chumvi mpaka nyayo zikapasuka, na kama yana uzito uleule na ya mtu aliyevaa suti nyeupe akiielea dunia kwa juu. Akasema, "Sawa, Mwalimu," kwa adabu, akaenda zake. Nimekaa na ile "sawa" yake miaka mingi.

Nataka kumjibu sasa, na naona nianzie Ngomeni.

Ukitoka Malindi ukaelekea kaskazini kama kilomita 30, ukaipita Gongoni na mabwawa yake ya chumvi, utafika Ngomeni, kijiji cha wavuvi kwenye Ghuba ya Ungwana. Simama ufuoni asubuhi, bahari ikiwa imetulia, utaona majukwaa yamesimama majini kwa miguu ya chuma, mbali, meusi dhidi ya jua. Kubwa ni San Marco, na jirani yake ni Santa Rita. Mtu mgeni hudhani ni mitambo ya mafuta. Watu wa huku wameyazoea kama unavyozoea mbuyu wa njia panda.

Katika miaka ya 1960, Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Sapienza mjini Roma alikuwa akitafuta mahali ambapo Italia ingerushia setilaiti zake. Ya kwanza ilikuwa imerushwa kutoka Marekani, Desemba 1964. Ya pili aliirusha kutoka hapa kwetu, baharini, Aprili 26, 1967, kwa roketi ya Kimarekani iitwayo Scout, yenye hatua nne za fueli kavu. Kwa nini hapa? Kwa sababu ileile iliyomkimbizia nyanya Zohali. Ukiwa karibu na ikweta, ardhi inakubeba mashariki kwa kasi kuliko mahali pengine popote duniani. Roketi ikiruka kuelekea mashariki inaondoka na kasi hiyo bure, bila kuichomea fueli. Pamoja na hayo, mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu, hivyo vipande vya roketi vinavyodondoka njiani vinaangukia majini, havimwangukii mtu. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti 9 zilipaa kutoka jukwaa lile.

Mojawapo iliitwa Uhuru.

Iliruka Desemba 12, 1970, Sikukuu ya Jamhuri, miaka saba kamili tangu Kenya ijitawale. Kwenye makaratasi ya NASA, shirika la anga la Marekani, ilikuwa na jina la herufi na namba, SAS-1. Aliyesimamia mradi huo alikuwa mhandisi mwanamke, Marjorie Townsend, na ndiye aliyeipa jina la Uhuru kwa heshima ya nchi iliyowapokea. Ilikuwa na uzito wa kilo 140 na kidogo, yaani kama gunia moja na nusu la mahindi.

Kazi yake niieleze taratibu, kwa sababu ndiyo ninayoipenda. Kila mtu anaijua eksirei ya hospitalini. Angani nako kuna vitu vinavyotoa mionzi hiyohiyo, vitu vyenye joto la mamilioni ya nyuzi. Lakini angahewa yetu inaizuia isitufikie, na ni heri, maana ingetuua. Hiyo ina maana kwamba tangu binadamu aanze kutazama juu, kulikuwa na upande wa mbingu ambao hakuna jicho wala darubini ya nchi kavu iliyoweza kuuona. Mwaka 1962 Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa aliyehamia Marekani, alirusha na wenzake roketi ndogo iliyochungulia nje ya angahewa kwa muda usiofika dakika sita kisha ikaanguka. Katika dakika hizo waliona chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya jua letu na jirani zake. Unaweza kufikiria njaa waliyobaki nayo.

Uhuru haikuchungulia. Ilikaa huko juu ikifanya kazi zaidi ya miaka miwili, ikijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12, ikipitisha macho yake mbinguni kote. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Iliona nyota zinazopiga kama moyo. Moja inapiga kila baada ya sekunde 4.8. Iliona kwamba katikati ya makundi ya galaksi kumejaa gesi ya moto ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Na ilikitazama kitu kiitwacho Cygnus X-1, ikakuta mionzi yake inamemeteka kwa vipande vidogo vya sekunde. Kitu kinachomemeteka haraka hivyo lazima kiwe kidogo. Wengine walipopima nyota iliyo ubavuni mwake, wakakuta kwamba kitu hicho kidogo kina uzito wa majua mengi. Hilo ndilo shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkali hata nuru haitoki, la kwanza ambalo wanasayansi walikuja kulikubali. Liko umbali wa miaka ya nuru karibu 7,000. Mionzi iliyoifikia Uhuru ilianza safari kabla hata piramidi za Misri hazijafikiriwa, ikasafiri miaka yote hiyo, ikanaswa na kisanduku kilichopaa kutoka Ghuba ya Ungwana.

Mwaka 2002 Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel.

Mjomba wangu alikuwa na miaka 12 siku Uhuru ilipopaa. Alikuwa ufuoni na ndugu zake, wakitengeneza nyavu. Aliuona moto, akauona moshi ukipinda kuelekea bahari kuu, na sauti ikawafikia ikiwa imechelewa, kama inavyochelewa sauti ya shoka ukimtazama mtu anayekata mti ng'ambo ya mto. Nikamuuliza: mliambiwa ni nini? Akafikiri. "Tuliambiwa ni mambo ya Wataliano."

Basi. Ndiyo habari aliyokuwa nayo kwa miaka karibu 40, mpaka nilipomweleza mimi. Na mimi mwenyewe, niliyezaliwa na kukulia mwendo wa matatu moja kutoka pale, nililisikia jina la setilaiti hiyo nikiwa mwaka wa tatu chuo kikuu, Nairobi. Mhadhiri aliandika "Uhuru" ubaoni katikati ya majina ya kigeni, akaendelea na somo. Nilidhani amekosea. Nilipojua kwamba hakukosea, nilitoka nje ya ukumbi nikakaa kwenye ngazi. Wanafizikia wa Tokyo na wa Boston wanalitamka neno letu kila wanapoisimulia historia ya elimu yao. Watoto wa Ngomeni, waliopo pale ilipopaa, hawakuwa wamelisikia likisemwa kwa maana hiyo.

Hapo ndipo jibu langu linapoanzia. Mjomba aliliona tukio kubwa la anga kwa macho yake mawili, na halikumwongezea chochote, kwa kuwa hakuna aliyemwambia ameona nini. Nyanya alitazama kijisayari kwenye darubini ya kuazima kwa dakika mbili, na kikamwongezea.

Kilimwongezea nini? Nyanya alizika mume mapema, akalea watoto saba kwa kusuka makuti na kuuza vitumbua. Sitaki mtu aje aniambie kwamba maisha hayo yalikuwa yanangoja roketi ili yapate kusudi. Nimewasoma wanaosema kwamba binadamu ameumbwa ili aenee kwenye nyota, na kwamba tusipokwenda Mirihi tutakuwa tumeishi bure. Kauli hiyo naikataa kwa moyo wangu wote. Ukiikubali, basi kila aliyeishi na kufa kabla ya Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kufika angani, kupaa Aprili 12, 1961, alikuwa akipasha tu misuli kwa ajili ya mchezo wa wengine. Mama wa mwanafunzi wangu naye angekuwa hivyo. Anayedai kwamba nyota zipo ili kutimiza ndoto yake anafanya kosa walilofanya wale waliodhani jua limepatwa kwa ajili ya msiba wao.

Lakini baada ya usiku ule nyanya alikuwa na desturi mpya. Akimaliza swala ya isha alitoka uani, akauliza, "Ile yenye pete iko wapi leo?" Nikimwonyesha, alisimama akaitazama kwa macho matupu, doa tu la mwanga, na akaridhika, kwa kuwa alijua lilivyo. Aliwasimulia majirani. Na mara moja, tukichambua mchele, aliniambia kwamba usiku miguu ikimuuma na usingizi ukimkataa, alikuwa akijiambia: tunakwenda. Mimi, na watoto, na waliolala, na waliozikwa, sote tunakwenda mashariki. Alifariki mwaka 2021. Kusudi la maisha yake alikuwa nalo siku zote; kilichoongezeka ni mahali pa kulitandaza.

Na huu si ugeni kwetu. Kabla ya Wataliano, mbingu ilikuwa kitabu cha kazi pwani hii. Mkulima aliifuata Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota ambacho jina lake lenyewe limetoka katika kulima, na wazee wakasema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mwaka ulihesabiwa kwa miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, ili nahodha ajue lini kaskazi itamleta na lini kusi itamrudisha. Hata neno rubani, ambalo watoto wangu wa shule wanamwitia anayeendesha ndege, lilikuwa la baharini kwanza. Rubani ni yule aliyejua njia ya maji, akaongoza jahazi la watu wasioijua.

Nalo neno hilo linanirudisha Malindi, kwenye jambo linaloniuma. Aprili 1498 Vasco da Gama alifika hapa, akapewa rubani. Walitweka Aprili 24, na Mei 20 walikuwa Calicut, India, bahari kuu yote hiyo imevukwa kwa siku 26, kwa elimu ya nyota na pepo ambayo Wareno hawakuwa nayo. Jina la rubani yule wanahistoria wanabishania mpaka leo. Jina la da Gama lipo kwenye nguzo ya mawe ufuoni, watalii wanaipiga picha. Miaka saba baadaye, 1505, manowari za Mreno Francisco de Almeida ziliteka Kilwa, zikaichoma Mombasa. Safari zile ziliipa Ureno kusudi kubwa, hakuna shaka. Wanaziimba hadi leo. Kwetu zilileta mizinga. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema uvumbuzi unampa binadamu kusudi, swali langu la kwanza huwa: binadamu yupi?

Anga nalo lina historia yake ya giza, na mwalimu anayewaficha watoto historia hiyo hawatendei haki. Roketi zilizompeleka binadamu mwezini mwaka 1969 zilitengenezwa chini ya Wernher von Braun, na kazi yake ilikuwa imeanzia kwenye V-2, kombora la Wanazi, lililoundwa na wafungwa wa kambi ya Dora chini ya mlima. Maelfu yao walikufa humo. Mwaka 1970, mwaka uleule wa Uhuru yetu, mtawa mmoja aliyekuwa akifanya kazi Zambia, Sista Mary Jucunda, alimwandikia Ernst Stuhlinger wa NASA akimuuliza vipi mabilioni yatumike angani ilhali watoto wanakufa njaa. Stuhlinger alimjibu kwa barua ndefu na ya heshima ambayo watu wanaisambaza hadi leo. Naye alikuwa mmoja wa waliotengeneza V-2. Barua hiyo ni nzuri, na sehemu kubwa nakubaliana nayo. Lakini swali la yule sista halijaisha nguvu, na sidhani litaisha.

Huku kwetu wengi humnasibishia Mwalimu Nyerere maneno kwamba wenzetu wanajaribu kufika mwezini ilhali sisi bado tunajaribu kufika kijijini. Nakubali tunahitaji kufika kijijini. Shule yangu ina darasa ambalo watoto watatu wanakalia dawati la wawili. Ila tukifika kijijini tumechukua nini mkononi? Maji, dawa, vitabu, ndiyo. Mimi ningependa tuwe tumechukua na habari ya kile kilichoonekana huko juu, maana mtoto wa kijijini naye ana kiu ya kujua yuko wapi.

Wakati mwingine anga lenyewe ndilo linalofika kijijini, na linafika vibaya. Desemba 30, 2024, watu wa Mukuku, kaunti ya Makueni, walisikia kishindo mchana, wakakuta pete ya chuma imeanguka kutoka juu, upana wake mita 2.5, uzito kama kilo 500, ingali ya moto. Shirika la Anga za Juu la Kenya likaeleza kwamba ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Hakuna aliyeumia. Niliziangalia picha zile nikamkumbuka Broglio akichagua bahari tupu ili vipande visimwangukie mtu. Nikamkumbuka na nyanya: "Ina pete." Watu wa Makueni waliuliza maswali ya haki: ni ya nani, nani atatulipa, na je, itaanguka nyingine?

Nimewahi kuulizwa na mwenzangu wa ofisini, mwalimu wa dini, kama hizi nyota hazinipunguzii imani. Sikuwa na jibu refu. Kila mara nikimlengea mtoto darubini na kumsikia akivuta pumzi, naona kama nimeshuhudia mtu akiswali.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba Ngomeni haijanyamaza. Hakuna roketi iliyopaa tangu Machi 1988, na majukwaa yanaliwa na chumvi, lakini nchi kavu pale kuna kituo chenye masahani makubwa yanayozungumza na setilaiti. Swift, iliyorushwa mwaka 2004 kuwinda milipuko ya nyota inayowaka kwa sekunde chache na kuzimika, hupitishia habari zake hapo. NuSTAR ya mwaka 2012, nayo hivyo. IXPE, iliyorushwa Desemba 2021, inaizunguka dunia juu ya ikweta na kuteremshia data yake Malindi. Zote hizo zinatazama mionzi ileile ya eksirei au jamaa zake. Ni wajukuu wa Uhuru. Nyota inakufa mbali kuliko akili inavyoweza kufika, na mauti yake yanapokelewa jirani na mahali wanapoanika dagaa. Nimewaambia hivyo wanafunzi wangu. Mvulana mmoja akauliza kama anaweza kwenda kuomba kazi pale. Nikamwambia asome hesabu. Alirudi siku ya pili na daftari jipya.

Nilimpata tena yule msichana, si kwa miadi, kwenye stendi ya Malindi mwaka juzi. Sasa ni muuguzi. Nilimwomba radhi kwa jibu langu la siku ile, naye hakukumbuka jibu, alikumbuka swali. Nikamwambia: maisha yao hayana maana kuliko ya mamako. Wameona kitu ambacho mamako hajakiona, na wana deni la kumwambia. Akacheka kidogo, akasema mamake aliwahi kumuuliza mwezi unawaka kwa mafuta gani, na hakujua amjibu nini kwa sababu aliona aibu kumwelimisha mzazi. "Mwambie," nikamwambia. "Mwambie leo jioni." Gari lake likaita abiria.

Aprili 15, 2023, asubuhi ya Jumamosi, Kenya ilirusha Taifa-1, setilaiti yake ya kutazama ardhi, mashamba na misitu, baada ya siku kadhaa za kuahirishwa kwa hali ya hewa. Ilipaa kwa roketi ya Falcon 9 kutoka Vandenberg, California. Mjomba na mimi tuliitazama kwenye simu yangu, tumeketi kwenye baraza yake, na kutoka pale barazani unayaona majukwaa. Roketi ikaondoka. Mjomba akainua macho kutoka kwenye simu akatazama baharini, akarudi kwenye simu. "Mbona hawakuirushia hapa?" akauliza. Nilianza kumweleza habari za gharama na za mitambo iliyochakaa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza tena, kwa upole, swali lilelile.

Sikukuu moja ya Jamhuri niliwachukua wanafunzi 14 hadi Ngomeni. Tulikodi matatu, kila mmoja akaja na chapati zake. Mjomba alikuwa akitungoja ufuoni, amevaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa. Niliwaeleza kuhusu Uhuru, kuhusu Bi Townsend na jina, kuhusu kitu kidogo kizito kinachomemeteka. Kisha nikakaa, nikamwachia mjomba.

Hakusema mengi. Alinyoosha mkono kuonyesha moto ulipoanzia, akauinua, akaupindisha polepole kuelekea mashariki, na watoto wakaufuata mkono kwa macho mpaka ukasimama juu ya bahari. Msichana mdogo kuliko wote akauliza, "Ilichukua muda gani mpaka ikapotea?"

"Hatukuwa na saa," mjomba akasema. "Nilibana pumzi nikijiambia nitaiachia ikishapotea. Nikaishiwa kabla yake."

Msichana akamtazama. Kisha akavuta pumzi, akaibana, akageukia baharini. Mwenzake akafanya vilevile. Punde wote 14 walikuwa wamesimama kimya, mashavu yamevimba, wanatazama pale mkono wa mjomba ulipokuwa umeishia.